Mpiga Makasia wa Oleta

Verlin Tackett hakuwa mvuvi, na ni afadhali hilo lisemwe mapema kabla mtu hajaanza kumsifu bure. Miaka yote aliyoishi kando ya Ziwa Pilkey hakuwahi kuwa na fimbo ya kuvulia iliyo yake. Yeye alikuwa mpiga makasia. Mkewe Oleta ndiye aliyevua, amesimama mbele ya boti yao ya bati, na Verlin amekaa nyuma akiishikilia boti mahali palepale alipoambiwa, upepo uvume usivume. Kazi hiyo watu huidharau. Wanaoidharau hawajawahi kujaribu kuituliza boti nyepesi kwenye maji ya magotini, bila kugusa chini, bila kupiga chafya, huku samaki anakutazama na anajua fika umekuja kufanya nini.

Oleta alikufa mwezi wa Februari, kwa moyo, viazi vikiwa nusu vimemenywa kwenye beseni. Tangu siku hiyo Verlin akabaki mpiga makasia asiye na wa kumpeleka popote. Alijaribu mara moja kutoka peke yake. Boti ilinyanyua pua kwa sababu mbele hapakuwa na mtu, na upepo ukaizungusha utakavyo. Akarudi gatini, akatia mfuko wa mchanga pale alipokuwa akisimama Oleta ili boti ikae sawa. Ilikaa sawa. Alizunguka ghuba ndogo mara moja tu, akautazama ule mfuko, akarudi, akaubeba mpaka nyuma ya banda na hakuugusa tena.

Nyumbani aliwasha redio mbili. Ya jikoni ilitoa hali ya hewa na bei ya ng'ombe, ya chumbani ilitoa nyimbo za injili, na yeye alikaa katikati, kwenye korido, akivaa viatu, akizisikiliza zikikatizana. Mayai alikaanga mawili na kuyala amesimama kwenye sinki. Mtu akimuuliza hali kanisani alijibu kwamba hana la kulalamika, na ilikuwa kweli kwa maana kwamba hapakuwa na mtu wa kumlalamikia.

Sasa, kuhusu samaki. Huku kwetu kusini mwa Missouri, miti ile ya maua meupe ikichanua kando ya barabara, besi, wale samaki wa mdomo mpana, hutoka kwenye kina na kuja pembezoni kutaga. Dume hutangulia. Anafagia changarawe kwa mkia mpaka inang'aa kama sahani iliyooshwa, na mkia wenyewe unachubuka. Jike anakuja, anataga, anaenda zake. Dume anabaki. Hali, halali, anapepea mayai na kufukuza kila kinachosogea, hasa wale samaki wadogo wapana tunaowaita mashavu-bluu, ambao huzunguka kiota kama watoto wanaozunguka meza ya keki harusini.

Dume mmoja alirudi kila majira ya kuchipua kwenye kiota kimoja, karibu na kisiki cha mwaloni kilichozama, hatua chache tu kutoka gati la akina Tackett. Oleta alimwita Shemasi, kwa jinsi alivyosimama juu ya kiota chake sawasawa na shemasi Ewell wa kanisa letu anavyosimama mlangoni: anamkodolea kila mtu macho na habanduki. Utamjua kwa pembe ya mdomo iliyochanika. Oleta ndiye aliyeichana. Alimnasa mwaka wa kwanza akamkosa ubavuni mwa boti, na tangu hapo kila mwaka alimrudia, na kila mwaka Shemasi alidaka na kutema kabla mtu hajapepesa jicho.

Wenzetu wa ziwa lile huvua kwa mijusi ya plastiki. Oleta alivua kwa nzi. Tunaita nzi tu, lakini kitu chenyewe hakifanani na nzi hata kidogo: ni ndoana iliyovishwa manyoya meusi ya bata mzinga na vijimacho viwili vya risasi ili izame, na ikishuka majini hujinyonganyonga kama ruba. Alizifunga mwenyewe mezani jikoni. Alimfundisha binti yao Tamra kuzifunga, kuzirusha, kuzikagua, na kumtukana samaki kwa maneno yanayoruhusiwa mbele ya mchungaji. Verlin hayo yote aliyaona kwa nyuma. Mpiga makasia huona migongo.

Tamra aliondoka akiwa msichana, akaenda Kansas City, akapata kazi kwenye kampuni ya bima, akaolewa, akaachika, na katikati ya hayo yote alikuja nyumbani kwa nadra, Krismasi hii na ile. Lakini majira ya kuchipua baada ya mazishi alikuja ghafla na kusema anataka kumkamata samaki wa mama. Hakumkamata. Mwaka uliofuata akaja tena. Hakumkamata tena, na Verlin aliupitisha msimu wa baridi mzima akihesabu kwa maua: yakichanua, anakuja.

Mwaka huu Tamra alipompigia simu Jumapili, kama kawaida yake, alisema jambo jipya.

"Baba, nakuja Ijumaa. Safari hii namkamata, nakuambia. Nampiga picha, namrudisha majini, na habari hii tunaifunga."

"Tunaifunga," Verlin alisema.

"Mama apumzike. Na mimi nipumzike. Sivyo?"

"Sawa, mwanangu."

Alikata simu akabaki amesimama, mkono bado juu ya simu. Redio ya jikoni ilikuwa inasema kutakuwa na jua.

Siku za katikati alikaa gatini akimlinda Shemasi, maana yake alikaa kwenye kiti cha kukunja na kumtazama kila aliyepita kwa jicho baya. Alhamisi akapita Royce Cantrell, jirani wa ng'ambo ya ghuba. Boti ya Royce inametameta kiasi kwamba ukiitazama mchana lazima ufumbe jicho moja, na injini yake ingeweza kuvuta nyumba. Alizima injini akaja akielea.

"Mzee, yuko kazini?"

"Nani?"

"Usinifanye mjinga. Nimemwona toka kule. Niruhusu nimtupie mjusi mmoja tu. Wa kijani."

"Mtupie mkeo."

"Mke wangu hanaswi na mjusi. Alinaswa na pikapu."

Verlin alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki ile na kifua kilishtuka. "Huyu ni wa Tamra," alisema. "Anafika kesho."

"Ooh! Basi simgusi. Mkono huu hapa, simgusi." Royce aliinua mkono wake kama anaapishwa. Kisha akawasha injini, akawaza, akaizima tena. "Lakini mzee, akishamkamata, mwakani utamwita kwa kisingizio gani? Itabidi umnunulie nyangumi."

Akaondoka akicheka mwenyewe. Royce hana ubaya, mdomo tu. Verlin naye aliendelea kucheka mpaka boti ikapinda nyuma ya miti. Halafu alikaa pale na neno lile likamkaa kooni kama mwiba wa samaki, kwa sababu lilikuwa kweli, na alikuwa amelijua tangu Jumapili.

Ijumaa jioni Tamra alifika. Alikuwa amekonda na amekata nywele. Walikumbatiana kwa ubavu, vile watu wa familia ile hukumbatiana, kana kwamba kila mmoja amebeba ndoo mkono wa pili. Verlin alikuwa amezunguka msituni wiki nzima akitafuta uyoga wa majira yale, ule wenye vishimovishimo, akaukaanga kwa siagi. Akatoa na kambare wa kukaanga, na mkate wa mahindi, na maharage. Kilikuwa chakula cha watu sita.

"Baba, nani mwingine anakuja?"

"Kula."

Walikula. Tamra alisifu uyoga, akaulizia paa, akaulizia goti la Verlin. Kisha akaweka uma chini.

"Nimepata kazi Oregon. Nzuri. Nahama mwezi wa sita."

"Mbali huko."

"Ndege mbili. Na ukishashuka, nusu siku barabarani mpaka hapa."

"Kuna ziwa?"

"Kuna bahari, Baba."

"Bahari si ziwa."

"Najua." Alizungusha glasi yake ya chai ya barafu. "Ndiyo maana nataka nimalize mwaka huu. Sijui nitakuja lini tena. Sitaki kukudanganya."

"Hongera, mwanangu," Verlin alisema, na aliyasema maneno hayo kwa moyo mmoja. Hilo ndilo lililomsumbua. Angekuwa mtu mbaya ingekuwa rahisi. Alifurahi kwa ajili yake na wakati huohuo alitaka kushika miguu ya meza asiiachie.

Kabla ya kulala Tamra aliiandaa fimbo ya mama yake, akafunga nzi mweusi mwishoni mwa mshipi, akaitundika barazani kwenye misumari yake ya zamani.

Asubuhi Verlin alitoka na kahawa. Fimbo ilikuwa pale, nzi ananing'inia, umande kwenye manyoya. Yeye alikuwa amefanya kazi kiwanda cha viatu mpaka kikafungwa, akikata ngozi, na mikono yake ilikuwa haijasahau. Alikwenda bandani akarudi na praizi, koleo la kukatia waya. Akamshika nzi kwa vidole viwili, akayasogeza manyoya, akaikata ncha ya ndoana pale inapoanza kupinda, pamoja na kile kijimwiba kinachomzuia samaki asichomoke. Mkato mmoja. Kipande kikarukia majanini. Akayalaza manyoya juu ya kibutu kilichobaki, na ungempa mtu amtazame nzi yule asingeona kitu.

Verlin hakuwahi kumwibia mtu hata mchezo wa domino. Aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Aliona aibu, na bado akatia praizi mfukoni na kuingia ndani kukaanga mayai, manne safari hii.

Walingoja jua lipande ili waweze kuona chini. Tamra alisimama mbele, miwani ya jua usoni, na boti ikakaa sawa majini. Hilo tu, boti kukaa sawa, lilimtosha Verlin kwa asubuhi ile. Alisukuma makasia taratibu, akawaweka mbali kidogo na kisiki, jua mgongoni.

"Yule pale," Tamra alinong'ona. "Yule pale, mzee mwenyewe. Angalia huo mdomo!"

Shemasi alikuwa juu ya sahani yake ya changarawe, mapezi yanapepea. Shavu-bluu mmoja akajisogeza, Shemasi akamrukia, akarudi mahali pake. Tamra akarusha. Mshipi ulijikunjua hewani bila haraka, na nzi akatua nyuma ya kiota, akazama. Akamvuta inchi kwa inchi mpaka katikati ya mayai, akamwacha hapo.

Shemasi aliinamisha kichwa. Akamtazama nzi muda mrefu, kama mtu aliyesahau miwani na amepewa karatasi atie sahihi. Kisha mdomo mweupe ukafunguka na nzi hayupo.

"Sasa!" Verlin alipiga kelele.

Tamra akavuta. Fimbo ilipinda, mshipi ukalia, na mara vyote vikalegea.

"Aaa! Ametema!"

"Ametema," Verlin alisema.

Tamra aliurudisha mshipi, akamdaka nzi mkononi, akainama. Alikaa ameinama hivyo, mgongo umemwelekea baba yake, kitambo kirefu kuliko kinachohitajika.

"Umejichoma?" Verlin aliuliza, na papo hapo alitamani angeuliza swali jingine.

"Hapana. Manyoya tu yamejisokota." Akanyooka. Akatazama ng'ambo ya ghuba, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. "Haya. Nisogeze kushoto kidogo."

Akarusha tena.

Siku nzima ikawa hivyo. Shemasi alidaka, alitema, alidaka, alikataa, alimbeba nzi mpaka ukingoni mwa kiota na kumwacha huko kama mama anayetoa kiatu sebuleni. Kila alipodaka, Verlin alijisahau. "Twende! Twende naye!" alipiga kelele, akipiga paja, na ilikuwa furaha ya kweli, kwa samaki ambaye yeye mwenyewe alijua hanasiki. Baadaye alipokumbuka, aibu ilimrudia kwa zamu.

Samaki akishachoshwa lazima aachwe atulie, kwa hiyo walikaa. Walikula sandwichi za soseji zikiwa zimelainika kwa joto. Na Tamra, ambaye kwenye simu alikuwa mtu wa maneno machache na hali ya hewa, akaanza kuongea. Aliongea akitazama mbele, Verlin akiwa nyuma, na labda ndiyo iliyokuwa njia pekee.

"Unajua mimi chakula cha jioni nakula wapi, Baba?"

"Wapi?"

"Kwenye gari. Chini ya jengo ninapoishi, pale pa kuegesha. Nakula nikimaliza ndipo napanda. Nikila juu nasikia ninavyotafuna."

Verlin alishika makasia. Hakujua. Miaka yote alidhani mjini kuna watu.

"Mimi nina redio mbili," alisema.

"Mbili?"

"Zinagombana."

Tamra alicheka mpaka boti ikatikisika, na Shemasi akahama kidogo kisha akarudi. Kicheko kilipoisha Verlin akamwambia habari ya mfuko wa mchanga. Hakuwa amemwambia mtu. Alimwambia yote, jinsi alivyoubeba, jinsi boti ilivyokaa sawa. Tamra hakugeuka. Alifuta pua kwa mkono wa shati na kusema, "Nisogeze tena kushoto. Upepo umetutoa."

Jumapili alikuwa aondoke baada ya chakula cha mchana. Chakula kilipita na akasema, "Aa, kesho. Nitawapigia kazini." Kanisani hawakwenda wote wawili, na shemasi Ewell lazima aliona. Siku ile walicheka zaidi ya siku ya kwanza. Tamra alionyesha jinsi mama yake alivyokuwa akimtukana samaki, "Wewe ndugu mpendwa mwenye kiburi," na Verlin akasema hapana, ilikuwa "ndugu mpendwa mwenye kichwa cha stuli," wakabishana. Jioni walikaa barazani wakala uyoga uliobaki. Verlin aliwaza: nitamwambia kesho kwenye kahawa. Kosa halikumwachia raha kamili, lilimwachia raha nusu, na hiyo nusu ilikuwa kubwa kuliko alichopata tangu Februari ile.

Jumatatu kwenye kahawa hakumwambia.

"Mara ya mwisho," Tamra alisema. "Kisha naondoka, la sivyo watanifukuza kazi kabla sijaacha."

Mayai yalikuwa yameanguliwa. Juu ya kiota palikuwa na kiwingu cha vitu vidogo kuliko punje za pilipili, na Shemasi alikuwa chini yake, amekonda, mkia umechakaa. Tamra akarusha. Safari hii Shemasi hakusoma chochote. Alimrukia nzi kwa hasira. Fimbo ikapinda, ikabaki imepinda, na kwa pumzi moja au mbili Verlin aliamini kabisa. Aliona ubavu wa kijani ukigeuka majini, aliona mdomo uliochanika. Halafu Shemasi akafungua mdomo, bila haraka, akarudi kwa watoto wake.

"Twende..." Verlin alikuwa bado anasema.

Tamra akaurudisha mshipi. Halafu akafanya jambo ambalo Oleta hakuwahi kulifanya katika boti ile. Aligeuka, akaketi kwenye ubao wa mbele, akamtazama mpiga makasia uso kwa uso. Akavua miwani. Akamshika nzi, akaweka kibutu cha ndoana juu ya ukucha wa dole gumba, akakiburuta pole pole.

Ncha kali hukwaruza ukucha, huacha mstari mweupe. Hii iliteleza.

Mtoto wa Oleta alifundishwa hivyo kabla hajajua kufunga kamba za viatu: ukimkosa samaki, kagua ncha kwa ukucha. Kila ukimkosa. Oleta alifanya hivyo mara elfu na mara elfu hizo zote Verlin alikuwa ameketi nyuma yake, akiuona mgongo wake ukiinama kisha ukinyooka, na hakuwahi kuuliza anafanya nini pale mbele.

Sasa alielewa alichokuwa akikitazama.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Jumamosi, Baba. Alipotema mara ya kwanza."

Maji yaligonga bati. Makasia yalimponyoka kidogo na boti ikaanza kwenda upande.

"Nilikasirika," Tamra alisema. "Nilitaka nikutupie usoni. Nikasema, huyu mzee ananichezea, na samaki wa mama! Alipodaka tena nikageuza shingo nikupe maneno yako. Nikakukuta bado umenyanyua ngumi hivi, unamshangilia. Unamshangilia samaki uliyemkatia ndoana mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Nikashindwa."

"Nilijua ukimkamata hutarudi."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Usiende? Una kazi nzuri." Verlin alitazama mikono yake. "Nimechoka kuwa peke yangu, Tam. Hilo ndilo. Nimechoka nalo kila siku, na siwezi kukuomba uje ukalie boti."

Alikuwa hajawahi kusema vile kwa mtu yeyote, hata kwa Mungu, ambaye kwake alikuwa akiombea mvua na goti.

Tamra alilaza fimbo magotini. Hakusema atakuja mwakani. Angeweza kusema hivyo, watu husema. Alisema tu, "Kule mgeni hapewi likizo haraka. Sijui itakuwaje, Baba. Kwa kweli sijui."

"Najua."

"Lakini sikukaa hapa siku zote hizi kwa ajili ya huyo," alisema na kuelekeza kidevu majini. "Haya, tusukume. Tunamsogelea kiota."

Verlin akashika makasia.

Miaka miwili iliyotangulia Tamra aliondoka na fimbo ya mama yake, ndani ya mfuko wake mrefu, kwenye kiti cha nyuma cha gari. Safari hii Verlin alibeba begi mpaka garini, akarudi kuchukua mfuko wa fimbo, akaukuta mtupu sakafuni barazani. Fimbo ilikuwa kwenye misumari yake. Nzi alikuwa bado mwishoni mwa mshipi.

"Umesahau," alimwita.

"Sijasahau." Tamra alikuwa anafunga mkanda. "Na usifunge nzi mwingine. Huyohuyo."

Walikumbatiana kupitia dirishani, vibaya, kiwiko kwenye honi, honi ikalia na kuwashtua bata wa ng'ambo. Gari likapanda mteremko wa changarawe. Verlin alisimama mpaka vumbi likakaa, kisha akaingia ndani, akaosha vikombe viwili, na alipomaliza nyumba ilikuwa na kimya kilekile, hakikupungua hata kidogo. Aliwasha redio ya jikoni. Ya chumbani aliiacha.

Mwezi wa sita Tamra alihama. Alipiga simu Jumapili kutoka Oregon, akasema mvua inanyesha na kwamba amenunua meza. Maneno yalikuwa machache kama zamani, ila kabla ya kukata alisema, "Leo nimekula juu," na Verlin akasema, "Vizuri, mwanangu."

Kiota kilikuwa tupu wakati huo. Vifaranga walikuwa wametawanyika majanini, Shemasi amerudi kwenye kina kwa jinsi wanavyorudi, bila kumuaga mtu, na mwani ulikuwa umeanza kuifunika ile sahani safi ya changarawe. Verlin alikaa gatini hata hivyo, kwenye kiti chake cha kukunja. Hakuwa na cha kulinda. Alizoea tu.

Royce akaja akielea, injini imezimwa, kofia nyuma ya kichwa.

"Mzee! Nimekuwa nje na mashindano, sijasikia habari. Vipi, binti alimkamata?"

Verlin alitazama barazani, pale ncha ya fimbo ilipokuwa ikitikisika kidogo kwa upepo, na nzi mweusi akizunguka mwishoni mwa uzi.

"Bado," alisema.